Mvuvi wa dagaa anauliza: nikijibana giza hili, kweli nitakuja kuwa huru?

Kuna kijana ameniandikia, nimemuomba ruhusa nimjibu hapa hadharani kwa sababu najua si peke yake. Nafupisha alichoandika:

"Shikamoo dada. Mi nina miaka 26, navua dagaa, kambi yetu iko visiwani ila nyumbani ni Igombe hapa Mwanza. Giza likiwa zuri napata hela ya kueleweka, kuna mwezi tulihesabiwa nikatoka na laki tatu na nusu, lakini ikifika mbalamwezi nduhu kitu, nakopa kwa tajiri mwenye mtumbwi 80,000 na giza likirudi nakatwa 100,000, huu ni mwaka wa tatu. Kila mtu ananiambia nidhamu, nidhamu. Mi naona nidhamu ni kujinyima tu, mtu unafanya kazi usiku kucha na baridi alafu hata bia usinywe, na ujana ndo unapita. Nataka siku moja niwe huru, nisiitwe na mtu. Nikijibana leo ni kweli kesho nitakuwa huru, au ni maneno ya watu wenye mishahara?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza vizuri na nimeisoma mara kadhaa, mana hilo neno la mwisho la watu wenye mishahara limenigusa. Ni kweli ushauri mwingi wa hela unaandikwa na mtu anayelipwa tarehe 25 kila mwezi, we unalipwa na mwezi wa angani. Kwaiyo nitakujibu kwa kalenda yako.

Kwa wasomaji ambao hawajui Ziwa Victoria: dagaa anavuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, sahivi ni taa za betri na sola, unaziweka juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, unawazungushia wavu. Sasa mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa na taa yako haina maana tena, ndo mana kila mwezi kuna siku kama 10 mitumbwi inakaa nchi kavu, watu wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanalala. Hizo ndo mbalamwezi, na zile siku nyingine za kuvua ndo tunaita giza. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu, haijawahi kubadilika tangu babu zetu, yani njaa yako ina tarehe na unaijua kabla. Hiyo ni bahati ambayo watu wengi hawana, muuza mitumba hajui wiki ipi itakuwa mbaya, mwenye bodaboda hajui siku gani itaharibika. We unajua.

Mi nimesomea saikolojia na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa na vikundi vya kuweka akiba kwenye mialo, kuanzia hapa Kirumba Mwaloni mpaka visiwa vya Ukerewe na Kome huko. Na neno nidhamu mi mwenyewe silipendi likitumika kama fimbo. Watu wanalitumia kama vile kuna binadamu wamezaliwa na roho ngumu na wengine roho laini, na we ukiishiwa hela basi ni wa roho laini. Sivyo nilivyoona, na watafiti waliofuatilia tabia za watu kwenye maisha ya kila siku nao waligundua kitu kinafanana na nilichoona: wale wanaoonekana wana nidhamu kubwa hawapambani na vishawishi kutwa nzima, wana vishawishi vichache tu mana wamepanga maisha yao wasikutane navyo. Mtu hapiti pale kwenye baa, basi. Hajashinda vita yoyote, kapita njia nyingine.

Sasa nikuulize, siku ya hesabu kwenu inakuaje? Nitakwambia mi nilivyoiona, niliwahi kulala kambini siku tatu kwa ajili ya kikundi. Asubuhi tajiri anakuja na daftari, anatoa gharama kwanza, mafuta, chakula, betri, alafu kinachobaki kinagawanywa, upande wa tajiri na upande wa wavuvi, na kwenye upande wenu kila mtu anakatwa alichokopa. Saa nne hela iko mkononi. Saa nne na nusu mwenye duka anaita majina kutoka kwenye daftari lake. Saa tano spika imeshawashwa, nyama iko kwenye moto, kuna vijana wameinama kwenye simu wanatengeneza mikeka ya kubeti, kuna mama anauza nguo kaja na boti ya asubuhi hiyohiyo mana anajua tarehe. Kila mtu kisiwani anajua leo una hela, na hakuna mlango wa kufunga, mnalala wanne kwenye banda la makuti. Alafu mtu aliyeko mjini anakwambia uwe na nidhamu! Pale hata mi ningemaliza hela. Tunaambiwa akiba haiozi, mdogo wangu, hela ya mvuvi kambini inaoza haraka kuliko dagaa wa siku ya mvua.

Kwaiyo swali la kwanza usijiulize "niwe mgumu kiasi gani", jiulize hela inapita wapi kabla haijanifikia mimi mwenyewe nikiwa na njaa na uchovu na marafiki.

Kuna utafiti ulifanyika magharibi ya Kenya, si mbali na ziwa hilihili, watafiti wawili Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walitoa matokeo 2013. Waliwapa watu waliokuwa kwenye vikundi vya mchezo, yani vya kuchangiana hela kwa zamu, vitu tofauti tofauti vya kuwasaidia kuweka hela ya afya, na kimoja kilikuwa kisanduku cha chuma tu, chenye kufuli na tundu juu la kutumbukizia hela, na ufunguo wanakaa nao wenyewe. Hakuna riba, hakuna benki. Lakini ukilinganisha na wale ambao hawakupewa kitu, wenye visanduku waliweka zaidi kwa asilimia 66 hivi kwa ajili ya afya. Kisanduku tu! Na ukiangalia kwa nini, sababu kubwa ni kwamba hela ikishakuwa na jina na ikishakuwa ndani ya kitu chake, inakuwa rahisi kujikatalia na inakuwa rahisi kuwakatalia wengine. Mtu akija "nisaidie elfu tano" unamwambia ukweli, sina, iliyopo ni ya matibabu. Siyo uchoyo. Hela ya mfukoni haina jina, ni ya kila mtu anayekusalimia.

Na uko sahihi kutokuamini kirahisi. Huenda umewahi kusikia lile jaribio la watoto na pipi laini, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford alilianza miaka ya 1960 mwishoni, mtoto anaambiwa ukisubiri bila kula hii utapewa mbili, na baadae ikaonekana waliosubiri walifanya vizuri zaidi maishani. Watu walilitumia sana kuwasema wengine. Lakini 2018 watafiti wengine walirudia kwa watoto wengi zaidi na wakazingatia hali ya nyumbani kwa mtoto, ile tofauti ikapungua sana. Na kabla ya hapo, 2013, Celeste Kidd na wenzake walifanya kitu mi nakipenda zaidi: kabla ya pipi, watoto wengine walikutana na mtu mzima anayetimiza ahadi, ameahidi rangi nzuri za kuchorea kaleta, wengine wakakutana na anayeahidi alafu harudi na kitu. Wale wa kwanza walisubiri pipi yao wastani wa dakika 12. Wale waliodanganywa, dakika 3. Kwaiyo kama we umewahi kuhesabiwa vibaya, kama uliwahi kumpa mtu hela akutunzie ikaliwa, kama kikundi mlichochanga kilivunjika mwenye sanduku akahama, akili yako inajifunza kwamba kilicho mkononi ndo chako na kilichobaki ni hadithi. Hiyo si uzembe. Lakini dawa yake inajulikana: anza kwa kutafuta mtu au sehemu isiyokudanganya, ukiijaribu kwa hela ndogo, ndo uongeze.

Sasa tuje kwenye hesabu yako, hapa naomba usome polepole, chukua kalamu.

Unakopa 80,000, unarudisha 100,000. Kwa mwaka mbalamwezi ziko 12, mwaka mwingine zinafika 13. Hizo 20,000 za juu mara 12 ni 240,000. Kwa miaka mitatu ni 720,000 umelipa kwa ajili ya kula chakula kilekile ambacho ungekula hata hivyo. Lakini hela ndo sehemu ndogo, kikubwa zaidi ni kwamba mwenye deni hahami mtumbwi. Hata tajiri mwingine mwenye hesabu nzuri akikuita huwezi kwenda. Na kuna usiku ziwa limechafuka, upepo unakuja, wazee wanaangalia wingu wanatikisa kichwa, mwenye deni anaingia kwenye mtumbwi. Mi nimekaa kwenye misiba ya aina hiyo. Ukiniuliza uhuru ni nini sitakwambia nyumba ya ghorofa Capri Point, nitakwambia ni kuweza kusema "leo siendi" na kesho yake bado ukala.

Watu wengi wakishapiga hesabu hiyo wanakurupuka, giza lijalo silipi starehe hata moja, nakata deni lote. Wiki ya pili wamechoka wanarudi palepale na hasira juu. Usifanye hivo. Fanya hivi, punguza mkopo 20,000 tu kila mbalamwezi.

Giza la kwanza unakatwa 100,000 yako kama kawaida, na unaweka 20,000 pembeni. Usiku wa kazi ni kama 20, kwaiyo hiyo ni 1,000 kwa usiku. Mbalamwezi ikifika unahitaji 80,000, unayo 20,000, unakopa 60,000. Giza la pili deni lako ni 75,000 siyo laki tena, na unaweka 40,000. Mbalamwezi unakopa 40,000. Giza la tatu unakatwa 50,000, unaweka 60,000, mbalamwezi unakopa 20,000 tu. Giza la nne unakatwa 25,000, unaweka 80,000. Mbalamwezi ya nne imefika, una 80,000 yako, hujamuita mtu.

Sasa jumlisha kila giza limekutoa shingapi ukichanganya deni na akiba: 120,000, alafu 115,000, alafu 110,000, alafu 105,000. We sahivi unatoa 100,000 kila giza bila kubaki na kitu. Kwaiyo ulichojibana zaidi ni 20,000, 15,000, 10,000 na 5,000, jumla 50,000, kwa muda usiofika miezi minne. Na kuanzia giza la tano unatoa 80,000 tu, pungufu ya unayotoa leo, miaka yote. Hiyo 50,000 ndo bei yote ya kutoka. Nimeirudia hii hesabu na vijana wengi na kila mara kuna mmoja anakaa kimya kidogo alafu anauliza "yani ni hivo tu?" Ndio, ni hivo tu, ila ni miezi minne bila kuruka.

Giza likiwa bovu je? Litatokea, kuna mwezi wa mvua au upepo mnalala kambini wiki nzima. Hapo kopa kiasi kilekile cha mwezi uliopita, usipandishe, alafu endelea ulipoishia. Kuna mtafiti wa London, Phillippa Lally, na wenzake walifuatilia watu wanaojenga tabia mpya, matokeo yalitoka 2010: wastani ilichukua siku 66 mpaka kitu kikaanza kwenda chenyewe, lakini mmoja mmoja ilikuwa kuanzia siku 18 mpaka 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Siku 66 kwako ni giza mbili na mbalamwezi mbili na kidogo. Kinachoharibu ni mtu kuruka mara moja alafu anajiambia basi mi siwezi.

Sasa hiyo elfu moja ya kila usiku ikae wapi. Kwenye simu yako hapana, mana kwenye simu hiyohiyo ndo kuna mikeka na ndo kuna zile mikopo za kubonyeza, na hela ikiwa kidole kimoja mbali na we unabaki na vita kila saa. Umeniandikia una dada yako kule Nyakato anauza mboga na unamwamini. Anza naye. Siku ya kwanza ya giza mwambie, dada kila siku nikishauza kitoweo, wale dagaa tunaopewa asubuhi, nakutumia, usinirudishie mpaka mbalamwezi ianze hata nikilia. Makato ya kutuma kila siku yatakula, kwaiyo kama kambini kuna mama mwenye sanduku la kikundi, mpe yeye kila siku alafu mumtumie dada mara moja kwa wiki. Sanduku la kikundi lenye kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, hauwezi kwenda saa saba usiku ukalifungua peke yako, na hiyo ndo faida yake kubwa kuliko hata riba. Ila kikundi kiulize kama kimesajiliwa, sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 imeviingiza na vikundi vya kijamii, halmashauri wanasajili. Wakikuzungusha kwenye hilo swali usiweke.

Hapo kwenye kitoweo nikae kidogo, mana ndo pengine mlango wako uko hapo na hujauona. Najua mkirudi asubuhi kila mvuvi anapewa dagaa wake kidogo wa kula au kuuza. Wengi mnauza palepale wabichi, kwa bei ya haraka, hela ya vocha na sigara. Kuna mama mmoja nilimkuta kisiwani, yeye hana mtumbwi, hana wavu. Alikuwa ananunua kitoweo cha vijana kama nyie, sado moja, sado mbili, anamwaga kwenye chanja aliyoitengeneza kwa miti na wavu mkuukuu. Nilimwangalia siku nzima. Saa tatu anamwaga, anamtandaza kwa viganja mpaka hakuna dagaa amemlalia mwenzie. Saa sita anageuza. Saa nane anageuza tena, anachukua mmoja anamvunja, akivunjika kwa mlio anasema bado kidogo au tayari, akipinda anarudisha. Wingu likitokea upande wa magharibi anakimbia na turubai kabla tone halijaanguka. Wenzie wanaanika kwenye mchanga, yeye hataki, anasema mwenye kununua wa Mwaloni akimtafuna akasikia mchanga anashusha bei. Alafu anawafunga kwenye gunia anakaa nao. Hauzi wiki ile. Anasubiri mbalamwezi, mitumbwi yote iko juu, hakuna dagaa mpya anashuka, bei inapanda, ndo anapanda boti anakwenda Kirumba kuuza. Nilimuuliza hiyo subira anaitoa wapi, akasema sina haraka kwa sababu sidaiwi.

Nafikiri umeona. Yeye mbalamwezi ndo msimu wake wa kuvuna, we ndo msimu wako wa kukopa, na dagaa ni walewale, wengine ni wako wewe umemuuzia wabichi. Ukishatoka kwenye deni, kile kitoweo chako kianike. Siyo kila siku, ukipata siku tatu kwa wiki inatosha kuanzia, na kama unalala mchana kwa sababu ya kazi ya usiku, kubaliana na mtu akugeuzie mgawane. Usikimbilie kununua mtumbwi, mtumbwi na injini na nyavu na taa ni mamilioni, na wengi walioununua kwa mkopo wamekuwa watumwa wa mkopo badala ya tajiri. Chanja ni miti na wavu wa kutupwa.

Umesema pia ujana unapita na bia usinywe. Sikukatazi bia. Weka hela ya starehe kwenye hesabu, ipe jina kama ulivyoipa akiba, sema 30,000 kila siku ya hesabu ni ya kula bata, na ikiisha imeisha. Mtu anayejinyima kila kitu anakuja kulipuka, nimeona hilo mara nyingi mno. Kubeti tu ndo nakuomba uache kabisa, mana bia ina mwisho, ukishiba umeshiba, ile haina kushiba. Na hao wa mikopo ya kausha damu na programu za mikopo za kwenye simu usiwaguse hata kwa elfu kumi, mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu kama hizo zaidi ya 60 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, na nyingine watu wanazijua kwa kutangaza majina ya wadaiwa kwa ndugu zao.

Kitu kingine, maamuzi yako ya hela yafanye giza, siyo mbalamwezi. Kuna utafiti India kwa wakulima wa miwa, ulitoka 2013, wao wanapata hela mara moja baada ya kuvuna. Wakawapima mkulima yuleyule kabla ya kuvuna akiwa hana hela na baada ya kuvuna akiwa nayo, mafumbo ya akili na umakini. Alipokuwa hana hela alifanya vibaya zaidi, mtu yuleyule! Mawazo ya hela yanakaa kichwani yanakula nafasi. Ndo mana siku ya tisa ya mbalamwezi mtu anakubali mkopo wa ajabu au anauza simu kwa bei ya kutupa, alafu giza likirudi anajishangaa. Kwaiyo mambo makubwa yaandike ukiwa umeshiba, tena yaandike hivi: "siku ya hesabu, kabla sijatoka mbele ya daftari, natuma kwa dada." Sehemu, saa, na kitendo. "Nitajitahidi kuweka akiba" haimsaidii mtu kambini.

Nikwambie kwa nini hili naliongea kwa moyo. Baba yangu alikuwa mvuvi wa sangara, miaka ya 90 viwanda vya minofu hapa Mwanza vilikuwa vinanunua kila kilichotoka ziwani na baba alikuwa na hela kweli, alikuwa na mtumbwi na injini yake, nyumbani kwetu wageni walikuwa hawaishi. Aliweza kufanya kazi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumuona, huwezi kumwambia hakuwa na bidii. Lakini nyavu na barafu na mafuta alikuwa anapewa na wakala kwa mkopo, na hakuwahi kukaa hata msimu mmoja akiwa hadaiwi kwa sababu hela ilikuwa inakuja tu. Mwaka 1999 Ulaya ikazuia samaki wa ziwa letu baada ya habari za watu kuvua kwa sumu. Bei ikaanguka. Baada ya miezi soko likafunguka tena, waliokuwa na chochote pembeni walikaa wakala mahindi yao wakasubiri. Baba hakuweza kusubiri, wakala alikuja, injini ikachukuliwa. Soko lilipofunguka baba alirudi ziwani kama kibarua, nyuma ya injini iliyokuwa yake. Hakuwahi kulisema, lakini mimi nilikuwa nampelekea chakula mwaloni na nilikuwa naijua ile injini kwa mkwaruzo wake.

Hakuhitaji utajiri ule mwaka, alihitaji miezi michache tu ya kutokudaiwa. Ndo mana nikisikia mtu anasema nidhamu ni utumwa namuelewa, lakini nakumbuka ule mkwaruzo.

Na sitakudanganya kwamba hii inamaliza kila kitu. Kama tajiri wako anahesabu kwa wizi, kujibana hakutamfanya awe mwaminifu. Kinachobadilika ni kwamba mbalamwezi ya nne ukiwa hudaiwi unaweza kumuuliza daftari mbele ya wenzako, na akikasirika unaweza kubeba begi lako ukahamia mtumbwi mwingine. Leo huwezi. Ukifika hapo, ndo uanze kutafuta akiba ya mzunguko mzima, giza na mbalamwezi, kwa ajili ya kuugua au kufiwa, na ukishakuwa nayo ndo tuongee habari za kuweka hela sehemu inayozaa, Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ile taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, na mambo kama hayo. Utaniandikia wakati huo, sahivi ni mapema.

Umeniambia hesabu yenu ni Jumamosi hii na giza jipya linaanza wiki ijayo. Basi mpigie dada yako Ijumaa jioni mtandao ukiwepo, kabla hela haijafika mkononi, umwambie ile elfu moja.